Minneapolis mwezi wa Machi: nionyeshe kwanza viatu vyako

Kila mwaka ikifika Januari simu yangu huanza. Leo binamu, kesho rafiki wa binamu, keshokutwa mtu tuliyesoma naye darasa moja ambaye hajanitafuta miaka. "Dada, nimeona tiketi ya Minneapolis ya mwisho wa Februari, bei imeshuka kweli. Nije?" Simjibu ndiyo wala hapana. Namuuliza: una viatu gani?

Wengi hudhani natania. Niko mji huu mwaka wa kumi na moja sasa, kazi yangu ni kuhudumia wazee majumbani mwao, na sina gari. Maana yake nashuka basi, natembea, napanda ngazi tatu za mbao mbele ya nyumba ya mzee, nashuka tena, narudi kituoni. Miguu yangu inaujua mwezi wa Machi kuliko mtangazaji wa hali ya hewa. Januari inatisha kwa masikio, lakini Machi ndiyo inayoangusha watu.

Januari kila kitu kimeganda na kukauka. Theluji yake hulia chini ya kiatu kama wanga ukiubana kwa vidole, na unatembea juu yake bila wasiwasi. Mwisho wa Februari mambo hubadilika. Jua linapata nguvu, marundo ya theluji kando ya njia yanaanza kutiririka, maji yanakatiza njia ya miguu yakitafuta mfereji. Jua likizama, maji yale yale yanaganda pale pale yalipofika. Asubuhi unakuta utando mwembamba wa barafu usio na rangi. Ukiutazama unaona lami tu.

Mjomba wangu alikuja Machi moja akiwa na koti ambalo angeweza kulifanya godoro, kofia ya manyoya, na viatu vyake vya ngozi vya kuendea harusini, soli imelainika kama kioo. Baridi hakuisikia hata kidogo. Alianguka mara mbili kabla ya kufika kituo cha basi, ambacho kiko nyumba nne kutoka kwangu. Mara ya pili hakuinuka haraka. Alibaki amekaa pale chini, akaniambia, "Mwanangu, nchi yenu hii imepakwa mafuta." Tukarudi ndani, akanywa chai, na siku yote ya kwanza ya matembezi yake ikawa ya kutafuta viatu.

Wadakota, wenyeji wa asili wa hapa, maji wanayaita *mni*. Walioupa mji jina wakachukua neno hilo wakaliunga na *polis*, mji kwa Kigiriki. Ukija Machi utaona halikutolewa bure.

Shika namba 32

Hapa redio, vibao vya barabarani na majirani wote husema joto kwa Farenhaiti. Usihangaike kubadilisha kila namba. Shika moja tu, 32, ambayo ndiyo sifuri ya Selsiasi, pale maji yanapoganda. Kila usiku kabla ya kulala tazama utabiri wa kesho: kiwango cha juu cha mchana na cha chini cha usiku.

Kama zote mbili ziko chini ya 32, kesho ni siku kavu. Vaa vya kutosha utembee. Zote zikiwa juu, kutakuwa na madimbwi na matope. Utalowa, lakini kuanguka si rahisi. Kazi iko pale 32 inapokaa katikati, mathalani mchana 40 na usiku 22. Siku hiyo usitoke alfajiri kwa miguu bila sababu. Subiri saa nne asubuhi jua lifanye kazi yake, na jioni uwe umeshafika unakokwenda kabla giza halijaingia. Wastani wa Machi hapa ni kama 41 mchana na 24 usiku hivi, kwa hiyo jihesabu tu kwamba siku nyingi za mwezi huo ni za namna hiyo.

Wastani lakini si ahadi. Nimeona wiki iliyoanza na vijana wamevaa kaptula ikaishia na theluji ya kufika gotini. Wazee ninaowahudumia wanaapa kwamba theluji kubwa ya mwisho hungoja mashindano ya jimbo ya hoki ya barafuni ya shule za sekondari, yanayofanyika St. Paul, mji jirani, mwanzoni mwa Machi. Sijui kama theluji ina kalenda, ila hoteli zinayo: wazazi na wanafunzi huja kutoka jimbo zima, na vyumba vya St. Paul hupanda bei siku hizo. Nje ya hapo, kati ya mwisho wa Februari na katikati ya Machi, vyumba huwa nafuu kuliko kiangazi.

Jambo lingine la kalenda: Jumapili ya pili ya Machi, saa nane usiku, saa zote husogezwa mbele kwa saa moja. Simu itajirekebisha yenyewe, saa ya ukutani haitajirekebisha. Kama una ndege siku hiyo, amini simu. Faida yake utaiona jioni. Mwisho wa Februari jua huzama kabla ya saa kumi na mbili. Baada ya mabadiliko unalo hadi saa moja na kitu.

Viatu nunua hapa

Usiingie gharama kubwa ya nguo za baridi kabla ya kupanda ndege. Azima koti la heshima la kukufikisha, mengine utayapata huku. Sababu ni mbili. Jimbo letu la Minnesota halitozi kodi ya mauzo kwenye nguo na viatu, wakati bidhaa nyingine hapa Minneapolis zinaongezewa karibu asilimia 9 ukifika kaunta. Na mwisho wa Februari wenye maduka wanataka kuondoa mali ya baridi wapange ya masika, kwa hiyo punguzo ni la kweli. Maduka ya mitumba nayo yako mengi, na mimi naamini buti za mitumba za Minnesota. Zimevaliwa na watu wanaojua wanachotafuta.

Ukifika dukani, tafuta buti inayopita kifundo cha mguu, isiyopitisha maji, yenye soli ya mpira iliyochongwa meno marefu. Bonyeza soli kwa ukucha wa kidole gumba. Kama ni ngumu kama ndoo ya plastiki, irudishe. Kwenye barafu itateleza. Mpira uwe unakubali kidogo. Ijaribu ukiwa umevaa soksi nene za sufu, si za pamba, kwa sababu pamba ikilowa inabaki na maji na mguu unaganda, lakini sufu hata ikilowa bado inakupa joto. Kisha tafuta vile vya mpira vyenye misumari midogo, vya kuvalisha juu ya buti, dola kumi na kitu au ishirini. Hivyo ni vya nje tu. Ukiingia benki au dukani navyo, sakafu ya vigae inageuka kuwa barafu nyingine. Mimi nilijifunza hilo mbele ya foleni ya watu.

Juu ya hapo ni kawaida: fulana ya ndani ya kubana, sweta, koti la kuzuia upepo, kofia inayofunika masikio, glavu. Vaa tabaka nyembamba nyembamba, maana ndani ya majengo ni joto kama jikoni na utavua vua siku nzima. Mafuta ya kupaka beba mengi. Hewa ya ndani ni kavu mno. Midomo inapasuka, pua inaweza kutoa damu, na kila ukigusa kitasa unapigwa na shoti ndogo.

Sasa kutembea kwenyewe. Toa mikono mfukoni. Hatua fupi, magoti yamelegea, mguu unashuka wote kwa pamoja wala si kisigino kwanza, na uzito wa mwili uwe juu ya mguu ulio mbele. Kwa kifupi tembea kama bata. Hakuna atakayekucheka, wenyewe wanatembea hivyo. Angalia rangi: njia ikiwa nyeupe yenye chembechembe, hiyo ni chumvi, kanyaga. Ikiwa nyeusi inayong'aa chini ya taa, gusa kwanza kwa ncha ya kiatu. Mahali pabaya kuliko pote ni pale bomba la paa linapomwaga maji njiani, na pale kwenye kona mnaposhuka kuvuka barabara, kwa sababu maji yote ya mtaa hukutana hapo. Siku za kuyeyuka usitembee ukigusa ukuta wa jengo. Mikuki ya barafu inaning'inia pembeni mwa mapaa, na ikilegea haibishi hodi.

Kutoka uwanja wa ndege, na kwa nini usikodi gari

Uwanja wa MSP una treni ndani yake. Ufuate vibao vya Blue Line, ulipe dola 2 kwenye mashine kabla ya kupanda, na kwa chini ya nusu saa hivi uko katikati ya mji. Tiketi hiyo inakuruhusu kubadilisha basi au treni kwa saa mbili na nusu. Upande wa pili wa njia hiyo hiyo unaishia Mall of America kule Bloomington, duka kubwa lililofunguliwa 1992, kwa hiyo ukitua mapema unaweza kununua buti hata kabla ya kufika hotelini. Kwenye vituo vya treni tafuta kitufe kwenye nguzo ya kibanda: ukikibonyeza, taa za joto zinawaka juu ya kichwa chako kwa dakika chache. Utaona watu wamejibana pale kama vifaranga.

Gari liache. Theluji ikianguka nyingi, mji hutangaza dharura ya theluji ili magreda yapite. Usiku wa kwanza, kuanzia saa tatu, huruhusiwi kuegesha pande zote mbili za njia kuu zilizotengwa. Kesho yake saa mbili asubuhi hadi saa mbili usiku, ni upande wenye nyumba za namba shufwa kwenye mitaa mingine. Keshokutwa ni upande wa witiri. Mwaka wangu wa pili niliachiwa gari na rafiki aliyesafiri. Nililiegesha mbele ya nyumba vizuri kabisa, nikalala nikiisikiliza theluji ikigonga dirisha, nikaona raha. Asubuhi palikuwa na nafasi ya mstatili, nyeusi, safi, na gari hakuna. Kulikomboa kutoka yadi kulinigharimu zaidi ya mshahara wa siku mbili, na kosa lilikuwa langu, tangazo lilikuwepo. Juu ya hayo, maji yanayoganda ndani ya nyufa za lami huitanua na kuipasua, kwa hiyo Machi ndiyo mwezi wa mashimo. Tairi la gari la kukodi litalipwa na wewe.

Mchana nje, jioni ndani

Siku ukiigawa hivyo, mji huu ni mtamu. Saa sita mchana shuka treni kituo cha 50th Street uende maporomoko ya Minnehaha, dakika chache kwa miguu. Ni maji yanayoanguka mita 16, ila mwisho wa baridi yanakuwa nguzo ya barafu yenye rangi ya samawati, na ukitulia unasikia maji hai yakipita ndani yake kama mtu anayenong'ona chumba cha pili. Yaangalie kutoka juu. Ngazi za kushukia chini hufungwa wakati wa baridi, na utaona watu wameruka kizuizi wanapiga picha nyuma ya barafu. Waache. Mwezi wa Machi barafu ile inaachia vipande vikubwa.

Maziwa nayo yana mtego. Bde Maka Ska na Harriet yanavutia, ukiona mtu katikati anatembeza mbwa utatamani kumfuata. Idara ya maliasili ya jimbo inasema barafu ya kutembelea iwe mpya, safi na nene angalau inchi 4, na yenyewe inasisitiza kwamba hakuna barafu salama kwa asilimia mia. Ya Machi si mpya wala si safi. Tena vibanda vya wavuvi wa barafuni, kwa sehemu hii ya kusini ya jimbo, vinatakiwa kuwa vimeondolewa ifikapo Jumatatu ya kwanza ya Machi. Wavuvi wenyewe wakishahama, wewe mgeni unatafuta nini? Zunguka ufukweni, njia ni nzuri.

Ukipata mtu mwenye gari akupeleke Chanhassen, kwenye bustani kubwa ya miti ya Chuo Kikuu cha Minnesota, uone wanavyogema utomvu wa mti wa mepo (maple). Huu ndio msimu wake, na sababu ni ile ile iliyomwangusha mjomba: usiku kuganda, mchana kuyeyuka, ndiko kunakousukuma utomvu ndani ya mti. Siku 32 inapokaa katikati, ndoo zinajaa. Utomvu ukiuonja mbichi ni maji matamu kidogo tu. Kama lita 40 huchemshwa hadi ibaki lita 1 ya sharubati.

Jua likianza kushuka, ingia ndani. Katikati ya mji kuna njia za vioo za ghorofa ya pili zinazounganisha majengo juu ya barabara, kila mtu anaziita skyway. Ya kwanza ilijengwa 1962, na sasa zina urefu wa kilomita 15 hivi. Unaweza kutoka hotelini hadi chakula cha mchana bila koti. Zinachanganya, hata mimi hupotea. Chukua jengo la IDS lenye ghorofa 57 kama moyo wake, kila ukipotea rudi hapo. Ila zinaishi kwa saa za maofisi. Migahawa mingi ya humo hufungwa mchana ukishapita, na wikiendi utakuta milango mingi imefungwa, usizitegemee usiku.

Jumba la sanaa la Minneapolis Institute of Art ni bure, ila Jumatatu hufungwa. Walker, jumba la sanaa ya kisasa, ni bure Alhamisi kuanzia saa kumi na moja jioni hadi saa tatu usiku. Jumba la maigizo la Guthrie, hata bila tiketi ya onyesho, lina kibaraza kirefu kinachoning'inia kuelekea mto Mississippi, na kutoka hapo unaona maporomoko ya St. Anthony na daraja la mawe la 1883.

Lakini mahali ninapompeleka kila mgeni ni jumba la vioo la mimea la Como, St. Paul, la mwaka 1915. Kiingilio ni hiari yako. Ukifungua mlango wa pili miwani inafunikwa ukungu mara moja, huoni kitu, unasimama tu. Kabla macho hayajarudi, pua imeshajua: udongo uliolowa, majani, ule uzito wa hewa baada ya mvua. Kamera ya simu nayo itaona ukungu, iache mfukoni dakika tano ipate joto. Mama yangu alipokuja alivua koti, akavua sweta, akakaa kwenye benchi chini ya minazi akasema tumwache hapo, tutamchukua jioni.

Usiku nenda Karmel, karibu na Lake Street. Ni jengo la Wasomali, maduka madogo ghorofa hadi ghorofa, nguo, dhahabu, vinyozi, msikiti humo humo. Agiza wali na nyama, utaletewa na ndizi mbivu pembeni; usiulize, ule nayo pamoja. Mara ya kwanza niliagiza chai kwa Kiingereza changu cha woga. Mama aliyekuwa nyuma ya kaunta akanitazama akasema, "Iliki niongeze?" Kiswahili safi. Amekulia Eastleigh, Nairobi. Wako wengi hivyo, kwa hiyo chunga unachokisema ukidhani hueleweki. Miaka hii Ramadhani inaangukia mwisho wa baridi: mchana patakuwa kimya, baada ya futari pamejaa hadi usiku mkubwa. Kumbuka bakshishi mahali unapohudumiwa mezani, asilimia 15 hadi 20.

Karatasi nisizisahau. Kumbukumbu yako ya kuingia nchini, I-94, siku hizi iko mtandaoni kwenye tovuti ya forodha. Ichapishe siku ya kwanza, utembee nayo.

Siku ya kuondoka buti zitakuwa na mistari myeupe ya chumvi. Ukizifunga hivyo ngozi itapasuka. Changanya siki na maji nusu kwa nusu, futa kwa kitambaa, futa tena kwa maji matupu, ziache usiku kucha mbali na hita. Kama huna kazi nazo tena, niachie mimi. Nina jozi sita mlangoni, namba 38 hadi 44, na anayekuja Machi ijayo tayari ameshapiga simu.